Muuzaji Akimtukana Ng'ombe wa Jirani



Juma hili nawaandikia nikiwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka Kedowa. Wengi wetu wa pwani tukilisikia jina hilo huuliza ni wapi. Ni kituo kidogo cha biashara katika kaunti ya Kericho, kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kupitia Mau Summit, na baridi yake ya alfajiri humfanya mtu wa Mombasa atie udhu huku meno yakimgongana. Ukiendelea mbele kuelekea Kericho mjini ndipo unapoyakuta yale mashamba ya chai yaliyotandaa hadi upeo wa macho. Kedowa nilikofikia mimi ni viazi, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Huko ndiko alikoolewa mdogo wangu, na huko ndiko alikozaliwa binti yake, ambaye mwaka huu ameitwa chuoni kusomea uhasibu.

Nilidhani nimealikwa kumpongeza mtoto na kumwombea dua. Kumbe nimealikwa kuamua kesi.

Chuo kilikuwa kimewaandikia wazazi kwamba kila mwanafunzi anatakiwa awe na kompyuta ya kupakata, hii ambayo vijana huiita laptopu. Shemeji yangu akamuuza mtamba wake mmoja, akapata shilingi 42,000. Kwa jamaa ile hizo si fedha za mchezo. Mtamba yule angezaa mwaka ujao, na maziwa yake yangelipa karo ya mdogo mtu. Sasa fedha zipo mkononi, na nyumba imegawanyika.

Binti alitaka kompyuta ya Apple, ambayo bei yake mpya inapita laki moja. Kaka yake akashikilia kwamba hiyo ni fahari tupu, na kwamba kompyuta ya kweli ni ile inayotumia programu ya Windows, tena akalitaja toleo jipya ambalo nalo lilizidi uwezo wa baba yao. Pengo la bei, kila mmoja alikuwa na dawa yake, na dawa yenyewe ilikuwa moja: mkopo wa simu, au kulipa mdogo mdogo kila mwezi, pamoja na nyongeza na faini ya kuchelewa. Mama yao aliposikia nyongeza na faini aliinuka kwenda kuongeza kuni. Riba ikitajwa nyumbani mwake, yeye hunyamaza kwanza.

Kilichonishangaza si ubishi, maana ndugu hubishana. Kilichonishangaza ni ushahidi. Kila mmoja alitoa simu akatuonyesha matangazo. Binti alikuwa akisikiliza masomo ya uhasibu kwenye simu wakati wa kungoja barua ya chuo, na kabla ya kila somo hutangulia tangazo. Somo lenyewe alikuwa amelisahau nusu, lakini tangazo alilijua neno kwa neno. Kaka yake naye alikuwa na tangazo la kampuni pinzani linaloicheka ile ya dada yake. Wakawa wanarushiana vicheko vya watu wengine, vilivyotengenezwa mbali na Kedowa, kwa fedha ambazo hata hatuwezi kuzihesabu.

Wasomaji wangu, ugomvi huu si wa jana. Mwezi wa Agosti 1981 kampuni ya IBM ilipoingia katika soko la kompyuta ndogo, Apple iliyokuwa imetangulia ilinunua ukurasa mzima wa gazeti la Wall Street Journal, ikamkaribisha mpinzani wake kwa maneno ya adabu yenye kejeli ndani yake. IBM nayo ilikuwa ikijulikana kwa mashine za maofisi makubwa, ikaona watu wa kawaida wanaiogopa. Basi katika matangazo yake ikamtumia yule mzururaji wa sinema za Charlie Chaplin, mwenye fimbo na kofia, ili kila mtu aone kwamba kompyuta haimshindi mtu.

Kisha ikaja tarehe 22 Januari 1984. Wakati wa fainali ya mpira wa Kimarekani, Apple ilionyesha kwenye televisheni tangazo la dakika moja lililoongozwa na mtengenezaji filamu Ridley Scott. Mwanamke anakimbia na nyundo mkononi mbele ya safu za watu waliokaa kama mawe. Anairusha nyundo, na kile kioo kikubwa chenye uso wa mtawala kinapasuka. Siku mbili baadaye Macintosh ikaingia sokoni kwa dola 2,495. Katika dakika ile nzima mtazamaji hakuelezwa bei, wala hakuonyeshwa mashine ikifanya kazi hata moja. Aliambiwa tu kwamba wapo watumwa na yupo aliye huru, achague mwenyewe atakuwa nani.

Mpango huo haukufa. Kati ya 2006 na 2009 Apple ilitoa matangazo zaidi ya 60 ya mtindo mmoja: watu wawili wamesimama mahali peupe, mmoja kijana mtanashati asiye na makuu, akijitambulisha kwamba yeye ni Mac, na mwingine mnene wa miwani na suti iliyombana, akijitambulisha kwamba yeye ni PC, yaani kompyuta za upande wa pili. Huyu wa pili ndiye anayeugua, anayezimika, anayechanganyikiwa. Mwaka 2008 Microsoft, wenye programu ya Windows, wakajibu kwa kuwaonyesha watu wa kila namna wakijivunia kuwa wao ndio hao PC. Angalieni lugha yenyewe. Hakuna aliyesema "ninayo"; wote walisema "mimi ni". Chombo cha kuandikia barua na kupigia hesabu kimegeuzwa nasaba.

Na wanunuzi wakaitikia. Wapo waliojiunga na upande mmoja kama mtu anavyojiunga na timu ya mpira, wakawa wanaitetea kampuni isiyowajua hata majina. Wapo waliochukizwa na kuitwa washamba, wakakaa upande wa pili kwa hasira tu. Makundi haya mawili yanaonekana kuwa maadui, ilhali yote yamefanya jambo moja, yameliacha tangazo liwachagulie.

Mwigizaji aliyekuwa yule kijana mtanashati anaitwa Justin Long. Mwaka 2021 kampuni ya Intel ilimwajiri, naye akaja katika matangazo mapya akizisifu kompyuta za upande alioucheka miaka ile, na kuzitia ila zile alizozisifu. Simlaumu, hiyo ndiyo kazi yake na kila mtu hula kwa jasho lake. Lakini nilipomweleza binti wa Kedowa habari hii alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mama mkubwa, basi yeye mwenyewe hutumia ipi?" Nikamwambia hilo ndilo swali la kwanza la busara nililolisikia tangu nifike.

Msinielewe vibaya nikadhaniwa nasema kila ushindani ni hasara. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, lakini katika soko ipo siku nyasi hupumua. Tuliishuhudia wenyewe nchini Kenya. Kampuni za simu za mkono, Kencell na Safaricom, zilipoanza kushindana mwaka 2000, moja ilitoza kwa dakika na nyingine ikatoza kwa sekunde, na mwenye salio dogo akaielewa tofauti hiyo bila kufundishwa na mtu. Kencell ikabadilika kuwa Celtel, Celtel ikawa Zain, Zain ikawa Airtel, na kila jina likaja na rangi yake kwenye kuta za maduka kuanzia Lamu hadi Kedowa. Rangi zile hazikumpunguzia mtu senti. Mwezi wa Agosti 2010 ndipo Tume ya Mawasiliano ilipokata ada ambayo kampuni hulipana mteja anapopiga simu kwenda mtandao mwingine, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Mara Zain ikashusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika, na Safaricom nayo ikalazimika kushusha bei zake. Matangazo ya miezi ile yalijaa tarakimu. Mama muuza mahamri aliweza kuyalinganisha akiwa amesimama kwenye karai lake.

Hata huko Marekani ilikuwa hivyo. Mwaka 2009 Microsoft waliacha kidogo habari ya nani mtanashati, wakatoa matangazo ya watu waliopewa fedha za kiasi fulani waende madukani kutafuta laptopu inayowafaa, wakiipata kwa bei hiyo ni yao. Mwaka huo huo mkuu mmoja wa Microsoft alieleza hadharani kwamba wanasheria wa Apple walimpigia simu kutaka matangazo yale yasimamishwe, kwa kuwa Apple imekwisha kupunguza bei zake. Kuchekwa kwa suti iliyobana kulivumiliwa miaka mitatu. Kutajwa kwa bei kulileta wanasheria.

Hapo ndipo nilipoupata mzani wangu, nami nawapa nanyi. Wafanyabiashara wakigombana juu ya bei, juu ya dhamana na juu ya ukweli wa maneno yao, ugomvi ule ni wetu, tuusikilize kwa makini. Wakigombana juu ya nani mjanja na nani mshamba, ugomvi si wetu, ila gharama yake tutailipa sisi, maana fedha za kutengeneza tangazo hutoka katika bei ya kitu.

Juu ya ukweli wa maneno, mnunuzi naye ana nguvu kuliko anavyodhani. Mwaka 2008 chombo kinachosimamia matangazo Uingereza kililipiga marufuku tangazo la simu ya Apple lililodai kwamba sehemu zote za intaneti zinapatikana ndani ya simu ile, ilhali haikuweza kufungua kurasa zilizotegemea programu za Flash na Java. Waliolalamika walikuwa watazamaji wawili tu. Kwetu Kenya, Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inampa mnunuzi, katika kifungu cha 46, haki ya kupata bidhaa za ubora unaostahili na habari anazohitaji ili anufaike na alichonunua. Kifungu hicho hicho kinalitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya heshima. Kwa Muislamu hili si geni, kwani kuficha ila ya bidhaa ni ghushi, na ghushi ilikatazwa sokoni kabla ya katiba hizi zote.

Turudi Kedowa. Jioni ile, watoto wakiwa bado wanaonyeshana simu, alikuwepo jikoni bibi yao mzaa baba, ambaye wao humwita kogo kwa lugha ya kwao. Alikuwa kimya na kikombe chake cha maziwa. Akamtaka mwanawe amfasirie yanayosemwa. Alipofasiriwa akaguna, akasema maneno ambayo shemeji aliyageuza kwa Kiswahili hivi: "Mimi nimenunua ng'ombe miaka mingi. Mtu akimsifu sana ng'ombe wake, namwuliza, mbona unamuuza? Lakini akianza kumtukana ng'ombe wa jirani badala ya kunionyesha maziwa ya wake, mimi huenda zangu."

Hakuna aliyeongeza neno. Wahenga wetu wa pwani walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini nadhani kogo amewapita, maana hata kizuri siku hizi hujitembeza. Kinachofaa ni kujua la kuuliza kinapopita mlangoni.

Basi siku ya pili tuliandika maswali. Kazi gani itafanywa na kompyuta hii? Binti akapiga simu chuoni, akaambiwa kwamba programu ya hesabu wanayofundishwa inatumia Windows. Umeme ukikatika, betri itadumu saa ngapi? Kichaji kikiharibika, kinapatikana Kericho au mpaka kiagizwe Nairobi? Nani ataitengeneza, kwa bei gani? Dhamana ni ya muda gani, na inaacha nini nje? Swali hili la mwisho nililiongeza mimi kwa machungu yangu. Miaka ya nyuma nilinunua kompyuta mjini Mombasa kwa sababu ya bango lililoahidi dhamana ya mwaka mzima. Betri ilipokufa mwezi wa tano nikaonyeshwa maandishi madogo nyuma ya karatasi yasemayo kwamba betri haimo. Bango lilikuwa kubwa kama mlango, na maandishi yale madogo kama chawa.

Tukapanda matatu kwenda Kericho, na mashamba ya chai yakawa yanapita dirishani kama zulia. Tulianza kwa mafundi, kabla hatujawaona wauzaji. Fundi hana haja ya kuitukana kampuni yoyote. Zote humjia zimevunjika, naye anajua ipi hufunguka kwa bisibisi ya kawaida na ipi imegundishwa kwa gundi hata betri haitoki. Yeye ndiye aliyetuelekeza kwenye duka la kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo.

Ningependa kila kijana alione duka lile. Kampuni zilizotukanana kwa miaka zimepangwa pale kwenye rafu moja, ubavu kwa ubavu, zimezeeka, hakuna anayezisemea. Mwenye duka alizitaja kwa bei, umri wa betri na ukubwa wa kumbukumbu, basi. Kitu ambacho jamaa nyingi za nchi hii huweza kukinunua hakimo katika tangazo lolote la wale wakubwa, kwa kuwa wao walikwisha kupata fedha zao kwa mnunuzi wa kwanza. Tukaijaribu moja kwa muda wa saa nzima, tukaifungua na kuifunga, tukaichomoa umeme tukanywa chai, tukarudi kuitazama betri. Ikauzwa shilingi 28,500, na miezi sita ya dhamana iliyoandikwa kwenye risiti, betri ikitajwa kwa jina. Zilizobaki, 13,500, zikawa za blanketi, viatu na mwanzo wa malazi.

Sitaki kuwadanganya kwamba binti alifurahi. Njiani kurudi aliipakata kompyuta yake akatazama nje. Kisha akasema polepole, "Mama mkubwa, wao hawataniuliza inafanya kazi gani. Wataangalia nembo." Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu alisema kweli. Tunapowakemea watoto kwamba wanapenda fahari, tunasahau kwamba aibu ya kijana miongoni mwa wenzake ni maumivu halisi, na waliotengeneza matangazo wanaijua aibu hiyo kuliko sisi wazazi. Wao hawakumuuzia kompyuta. Walimuuzia kinga ya kutochekwa, kwa laki moja na zaidi.

Nikamwambia tu kwamba baadhi yao watacheka, na kwamba kicheko kitadumu wiki chache, ilhali deni lingedumu miaka miwili na baba yake ndiye angechekwa na mwenye kudai. Nikamwambia pia kwamba si haramu kutamani kilicho bora. Anayetengeneza filamu au michoro kwa ajili ya riziki huenda akaihitaji mashine ya ghali, na kwake haitakuwa israfu. Siku atakapokuwa na kazi inayoitaka na fedha zake mwenyewe, ainunue kwa raha zake. Hakunijibu, lakini aliacha kutazama nje.

Wazazi wenzangu, khasa akina mama, tusingoje siku ya kununua ndipo tuzungumze na watoto. Tangazo likipita kwenye simu au runinga, tukae nao tuulize pamoja: Linasema nini juu ya kitu chenyewe? Limetaja bei? Limeacha nini? Linataka nimwonee nani haya? Mtoto akizoea kuuliza hivyo kwa tangazo la sabuni, atauliza hivyo kwa kompyuta, na pengine, inshaallah, hata kwa maneno ya wagombea kura.

Usiku wa mwisho mdogo wangu alitoa leso yangu niliyomletea kutoka Mombasa. Nilitaraji ajifunge. Akaikata kipande, akashona mfuko wa kutilia kompyuta, akiwa ameyapanga maneno ya leso yakae juu ambapo nembo ingeonekana: Usisafirie nyota ya mwenzio.

Juzi binti ameniletea ujumbe. Mmoja ameitazama nembo akacheka, asema, na wengine hawakujali. Kazi yake ya kwanza ya hesabu ameipeleka kwa wakati.